Pale Wimbo Unaponyamaza

Wazee wanapokutana kuzungumza mahari, iwe Ikungi, Puma au Ilongero mkoani Singida, hawaanzi na ng'ombe. Wanaanza na mvua, bei ya alizeti, vitunguu vilivyoozea njiani, hali ya mgonjwa wa jirani. Ng'ombe wanakuja baadaye, na wakishatajwa kila upande una msemaji wake: mshenga kwa upande wa kijana, na kwa upande wa binti yupo mjomba au shangazi ambaye kazi yake ni kutoridhika mapema. Binti mwenyewe yuko jikoni. Anasikia kila kitu.

Filamu ya Gigi, iliyotolewa na kampuni ya MGM ya Hollywood mwaka 1958, ina kikao cha namna hii katikati yake. Pande mbili zinabishana kuhusu nyumba, watumishi, gari na vito. Mtazamaji wa Singida anakitambua kikao hicho hata akiwa hajui neno moja la Kiingereza, kisha anashtuka, maana kitu kimoja hakitajwi: ndoa. Hapo ndipo anapojiuliza swali ambalo filamu nzima imejengwa juu yake. Hawa wanaposa, au wanapangisha?

Mji ni Paris, mwaka 1900. Gigi analelewa na bibi yake, anayeitwa Mamita, na kila wiki anapelekwa kwa Alicia, dada wa huyo bibi (kwetu naye ni bibi tu), akafundishwe kuwa hawara wa matajiri. Anafundishwa kula kwa madaha, kumchagulia mwanamume sigara kubwa, kutambua kito cha thamani. Hakuna anayemchukia katika nyumba hizo. Wanampenda, na wanamwandalia maisha waliyoishi wenyewe.

Mwanamume ni Gaston Lachaille, mrithi wa mali ya sukari, ambaye mtaani tungemwita kiwembe. Magazeti yanaandika habari zake, wanawake wanapokezana. Mwongozaji Vincente Minnelli angeweza kumwonyesha akifurahia anasa hizo, lakini anamtambulisha kwa wimbo wa kuchoka. Honoré, mzee wa ukoo wake, anayeigizwa na Maurice Chevalier, anamtajia raha za dunia moja baada ya nyingine, na kijana anajibu kwamba zote zinamchosha. Mahali pekee anapocheka ni kwa Mamita, anakokunywa chai ya majani na kucheza karata na binti mdogo anayemwibia waziwazi.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo ufundi wa filamu za nyimbo unapoonekana. Filamu nyingi za mwanzo za aina hii zilikuwa onyesho lenye hadithi iliyobandikwa: wahusika wanafika klabu, bendi inapiga, mtu anaimba, hadithi inasubiri. Mtayarishaji Arthur Freed na kundi lake pale MGM, watu waliotengeneza An American in Paris mwaka 1951 na Singin' in the Rain mwaka 1952, waliupa wimbo kazi nyingine. Mhusika anaimba pale ambapo maneno ya kawaida hayamtoshi tena, na wimbo ukiisha anakuwa amebadilika. Kipimo changu ni hiki: kata wimbo, kisha tazama kama hadithi bado inaeleweka. Ikieleweka, wimbo ule ulikuwa pambo.

Ukikata wimbo mkuu wa Gigi, Gaston haeleweki tena. Amemkuta binti amevaa gauni la kikubwa, amekasirika, amemkejeli, amerudi kuomba radhi, kisha Mamita amemkatalia kutoka naye kwa sababu jina la binti litaharibika. Anatoka nje anatembea Paris peke yake akifoka. Anaanza kwa kumsuta: ni mtoto, hana lolote. Lakini anapoendelea kuhesabu mapungufu yake anajikuta anaeleza sura yake, kicheko chake, jinsi alivyokua bila yeye kugundua. Hasira inamgeukia mdomoni ikiwa mapenzi. Louis Jourdan, aliyeigiza Gaston, haimbi kwa sauti kubwa ya jukwaani. Nusu anaimba, nusu anasema, kama mtu anayewaza kwa sauti. Alan Jay Lerner na Frederick Loewe, waliotunga nyimbo hizi, walikuwa wametoka kuutumia mtindo huo katika My Fair Lady, iliyoanza kuonyeshwa jukwaani New York mwaka 1956.

Na bado hajabadilika! Ndiyo sababu naiheshimu filamu hii. Mtunzi mvivu angemaliza hapo: kaimba, kapenda, waoane. Gaston anarudi na ofa ya hawara. Mapenzi yamemfika, lakini lugha anayoijua ya kuyasema ni ya mkataba tu. Gigi anakataa, na sababu zake ni za mtu mwenye akili timamu: atatajwa magazetini, atatumika, ataachwa, atahamia kwa mwingine. Baadaye anakubali kwa uchungu, kwa kuwa ameona kuumia akiwa na Gaston ni afadhali kuliko kuumia bila yeye.

Usiku huo wanakwenda mgahawa wa Maxim's. Gigi anafanya yote aliyofundishwa: anamimina kahawa, anachagua sigara, anatoa umbea mtamu. Hakosei hata kidogo, na hilo ndilo linalomtesa Gaston. Binti aliyemcheka kwenye karata ametoweka na mahali pake ameketi mmoja wa wale waliomchosha. Anamtoa nje, anamrudisha nyumbani huku binti akilia, kisha anatembea tena usiku ule peke yake, kivuli cheusi mbele ya maji ya chemchemi. Sasa haimbi. Muziki wa wimbo ule ule unapigwa na ala tupu, bila neno. Anasimama, anageuka, anapanda ngazi za Mamita na kuomba kumwoa mjukuu wake.

Toba yake imo katika ukimya huo. Filamu imetufundisha kwa saa moja na zaidi kwamba watu hawa huimba wanapohisi jambo, na inapofika kwenye jambo kubwa kuliko yote inamnyang'anya mhusika sauti. Mwaka 1959 Gigi ilichukua tuzo zote 9 za Oscar ilizoteuliwa, na Chevalier akapewa Oscar ya heshima. Kwangu mimi, hatua zile chache kando ya chemchemi zingetosha.

Sitaki kuificha kasoro yake. Katika hadithi ya mwandishi Colette, iliyotoka mwaka 1944, Gigi ana miaka 15 na kitu. Leslie Caron alikuwa ameshafika miaka ya ishirini alipomwigiza, na hilo linamlegeza mtazamaji, lakini kisa kinabaki kisa cha mwanamume mzima mwenye fedha na binti aliyekuwa juzi anavaa nguo za shule. Watanzania tunalo jina la mtu huyo tangu matangazo ya redio ya mwaka 2008: Fataki. Na swali la umri si la Paris ya kale peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Mzazi wa Singida mwenye binti sekondari ana haki ya kuitazama Gigi akiwa amekunja uso. Mimi naitazama hivyo, na naipenda hivyo.

Kuna pia wanaodhani kwamba kwetu mapenzi ya moyo yaliletwa na sinema, kwamba wazee walijua ng'ombe tu. Harold Schneider, Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, wenyeji wa Singida, mnamo 1959 na 1960, alitoa mwaka 1970 kitabu kizima kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa kundi la Wahi, mifugo na mahari ikiwa ndani yake. Mtu huyo huyo aliandika pia makala kuhusu mapenzi ya kimahaba miongoni mwao. Vyote viwili vilikuwapo, kikao na moyo, vikivutana katika boma moja, kama vinavyovutana nyumbani kwa Mamita.

Hata hivyo si Gigi iliyowafundisha Waafrika Mashariki kumlilia mhuni anayetubu. Aliyefanya kazi hiyo ni Raj Kapoor katika Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 iliyopendwa mno katika majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, lakini nyimbo walizijua. Muziki huo uliingia hadi kwenye taarabu: Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi.

Raj wa Awara hana mali ya sukari. Ni mtoto wa hakimu aliyemfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, akakulia mtaa wa mabanda, akafundishwa wizi na jambazi Jagga. Anayemgeuza ni Rita, wakili, rafiki yake wa utotoni. Nyimbo zake nyingi zimerekodiwa na mwimbaji Mukesh, Raj Kapoor akifungua mdomo tu, na hapo asishangae mtu: hata Gigi tunayemsikia akiimba ni Betty Wand, si Leslie Caron. Ugeuzi wenyewe unaanzia ndotoni, katika sehemu ndefu ya ngazi, mawingu na moto, ambamo Raj anataka kutoka motoni na kumfikia Rita. Hapo wimbo na ngoma vinasema asichoweza kukisema akiwa macho.

Tofauti kubwa iko kwenye gharama. Gaston anapanda ngazi, anaomba, anapewa. Picha ya mwisho inamwonyesha na mkewe katika bustani ya Bois de Boulogne, nadhifu kama siku ya kwanza, hajapoteza hata kofia. Raj ameua, ameinua kisu dhidi ya baba yake mwenyewe, na ingawa Rita anamtetea mahakamani, haachiwi bure. Anahukumiwa miaka 3. Mara ya mwisho tunapowaona kuna nondo kati yao, Rita upande wa nje, akiahidi kumngoja.