Mizani ya Majani na Bei ya Hisa

Alasiri ikishaingia, katika vibanda vya kupimia majani vilivyotapakaa baina ya Litein na Mogogosiek, wakulima wa chai huketi kando ya vikapu vyao wakilingojea lori la kiwanda, na katika kungojea huko, ambako zamani kulijaa habari za mvua, za ng'ombe na za harusi, siku hizi yameingia mazungumzo ya namna nyingine: huyu hufungua simu yake akasoma bei ya hisa za Safaricom, kampuni ya simu, ilivyofunga jana katika soko la Nairobi, yule humjibu kwa ujumbe aliopelekewa na kijana wake aliye mjini, na wa tatu, ambaye hana hata hisa moja, hutoa fatwa kubwa kuliko wote. Mwenye matumaini husema, "Subira huvuta heri"; mwenye hofu humjibu, "Ngojangoja huumiza matumbo"; na kwa kuwa methali zote mbili ni za kweli, hapana hata moja iwezayo kumwambia mtu auze au asiuze.

Makala haya hayakusudii kumchagulia msomaji. Yakusudia kueleza biashara hii yenyewe ni nini, bei yake hupandishwa na kushushwa na nini, na kwa nini mtu wa Kericho au wa Bomet, ambaye aghalabu hujidhania mgeni katika mambo ya hisa, kwa hakika anayo elimu yake tangu siku nyingi, ila huisahau kila akamatapo simu.

Shauku hii haikuanza jana. Mnamo Mei 2006, baada ya serikali kuuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hisa zilizotolewa kwa shilingi 11.90 zilipata takriban mara tatu ya bei hiyo siku ile ile zilipoingia sokoni, na habari hiyo ikaenea nchini kama moto wa nyika, ikawaachia watu wengi dhana moja mbaya, kwamba hisa mpya ni mali ya kuokotwa. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba itauza robo ya Safaricom, kampuni ambayo mwaka mmoja kabla yake, Machi 2007, ilikuwa imeanzisha M-Pesa na kuifanya simu kuwa mfuko wa fedha, hapakuwa na haja ya kuwashawishi watu. Mauzo yalifunguliwa Machi 28, 2008, mwezi mmoja tu tangu mapatano ya Februari 28 yaliyozima fujo za baada ya uchaguzi, fujo ambazo nchi ya chai ilizionja uchungu wake. Hisa zilikuwa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5, na aliye mdogo kabisa alitakiwa aombe hisa 2,000, yaani atoe shilingi 10,000. Wako waliouza ndama, wako waliotoa akiba ya karo, na wako waliokopa benki.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hata kila mtu akapata sehemu ndogo tu ya hisa alizoziomba na salio la fedha likarudishwa; na aliyekuwa amekopa akagundua kwamba hisa alizopewa ni chache, ilhali riba ya benki huhesabiwa juu ya mkopo wote. Juni 9, 2008 hisa ziliingia sokoni, zikauzwa kwa zaidi ya shilingi 7. Siku ya pili yake, Juni 10, wakati madalali wa Nairobi walipokuwa bado wakihesabu faida, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho ilianguka katika nchi ya Narok, ikawaua Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, pamoja na Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik. Na hivyo bei ilipokuwa juu, nchi yetu ilikuwa matangani, na watu waliokuwa na karatasi za hisa makabatini hawakuwa na moyo wa kuzitazama. Walipokuja kuzitazama, mapema mwaka 2009, bei ilikuwa imeanguka hata chini ya shilingi 3.

Tuchukue mfano wa mtu aliyejaliwa hisa 1,000. Alizilipia shilingi 5,000. Mwaka 2009 angeziuza asingepata hata 3,000. Kama hakuuza, akazifunga kabatini akaendelea na palizi lake, Agosti 2021, bei ilipopita shilingi 40, alikuwa na mali ya zaidi ya shilingi 40,000. Na kama siku hiyo pia hakuuza, mwanzoni mwa 2024 zilikuwa zimerudi chini ya 15,000, kisha katika mwaka 2025 zikapanda tena zikapita 20,000. Hisa ni zile zile 1,000, na mwenyewe ni yule yule. Basi kitu gani kilichopanda na kushuka?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna haja ya kwenda mbali kuliko kiwanda cha chai. Hisa ni fungu la umiliki wa kampuni. Safaricom imegawanywa mafungu yapatayo bilioni 40, na mwenye 1,000 ni mwenye kampuni sawasawa na serikali au wageni wa ng'ambo, ingawa fungu lake ni kama jani moja katika shamba zima. Mkulima mdogo wa chai naye ni mwenye hisa tangu zamani: Mamlaka ya Kustawisha Chai, KTDA, iliyoundwa mwaka 1964, ilipogeuzwa kuwa kampuni ya watu binafsi mwaka 2000, milki iliingia mikononi mwa makampuni ya viwanda, na viwanda hivyo, Litein, Kapkatet, Momul na Tegat kwa upande wa Kericho, na Mogogosiek, Kapset, Tirgaga na Kapkoros kwa upande wa Bomet, wenyewe ni wakulima wapelekao majani yao humo. Bibi abebaye kikapu mgongoni ni mwenye kampuni, hata kama hajawahi kujiita kwa jina hilo.

Lakini iko tafauti moja kubwa, nayo ndiyo asili ya matatizo mengi. Hisa za kiwanda hazitangazwi bei kila dakika. Mkulima hulipwa malipo ya majani kila mwezi, hungojea bonasi ya mwaka, na baina ya hayo hapana mtu amjiaye asubuhi kumwambia kwamba fungu lake la kiwanda limepungua thamani kwa sababu ya vita mahali fulani au kwa sababu ya dola. Hisa ya Safaricom hutangazwa bei siku nzima ya soko, na sheria ya soko huiruhusu kusogea hata asilimia 10 kwa siku moja. Lau kiwanda cha Mogogosiek kingetangaziwa bei hivyo, nacho tungekiona kikiruka na kutua kama panzi, na ile subira tunayoisifia kwa wakulima ingeingia mtihanini. Msukosuko mwingine ni wa kampuni yenyewe. Mwingine ni wa macho yanayoitazama kila saa.

Sababu zitokazo katika kampuni zajulikana. Mei 2021 Safaricom, pamoja na washirika wake, ilipata leseni ya kuingia Ethiopia, ikaanza kazi huko kwa ukamilifu Oktoba 2022; na kama ajuavyo kila aliyepata kupanda chai, miche hula fedha miaka kadhaa kabla ya kutoa jani la kuuza. Fauka ya hayo kulikuwa na sababu zisizohusiana kabisa na kampuni. Wageni wakubwa, ambao wakati huo ndio waliokuwa wanunuzi na wauzaji wa hisa nyingi katika soko letu, waliona riba imepanda Marekani na shilingi ya Kenya inadhoofika, wakauza ili wahamishe fedha zao; na wauzaji wakiwa wengi kuliko wanunuzi, bei haina budi kushuka, hata kama siku hiyo hiyo M-Pesa inapokea fedha katika kila duka la Kericho.

Hili nalo twalijua kwa chai. Mnamo Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa katika mnada wa Mombasa, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia njema ya kumlinda mkulima. Ila mnunuzi hakulazimishwa kununua, na chai nyingi, hasa ya magharibi ya Bonde la Ufa, ikakosa wa kuichukua, mamilioni ya kilo yakalala ghalani. Mwaka 2025, bonasi ilipopungua, wakulima wa Kericho na Bomet walitoka hadharani kulalamika. Walioshuhudia mambo hayo hawahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba bei isiyo na mnunuzi ni jina tupu, na kwamba bei huweza kushuka ilhali kichaka ni kile kile chenye rutuba ile ile.

Sasa turejee kwenye mazungumzo ya kibandani na ya simuni. Si kitu kibaya kuzungumza. Huko ndiko mkulima alikosikia kwamba tangu 2025 soko limeondoa sharti la kununua hisa 100 kwa pamoja, hata mtu aweza kununua moja tu, na huko ndiko anakokumbushwa siku ya gawio, yaani fungu la faida wanalolipwa wenye hisa. Ubaya ni kwamba mazungumzo yamekuwa mizani, na hapana aliyeikagua. Kibandani mkulima haweki kikapu chake juu ya mizani kabla ya kuutazama mshale kama umesimama kwenye sifuri. Akatwapo nusu kilo kwa sababu ya unyevu, huuliza. Akishuku, humwita jirani ashuhudie. Mtu huyo huyo, aliyegombana na karani kwa ajili ya nusu kilo, huweza kutoa shilingi 20,000 kwa neno la mtu asiyemjua, lililopitishwa simu kwa simu.

Kwa mizani ya maneno, sifuri ya kwanza ni kujua asemaye ameshika nini mkononi. Aliyenunua jana kwa bei kubwa atasifu, kwa kuwa angependa mwingine aje anunue kwa kubwa zaidi. Aliyeuza juzi atatisha, kwa kuwa ingemuuma bei ikipanda bila yeye. Huenda wote wawili hawasemi uongo, lakini kila mmoja ameegemeza mkono wake juu ya mizani. Sifuri ya pili ni hesabu za kampuni zenyewe, zinazotangazwa Mei na Novemba, ambamo mtu wa kawaida aweza kutafuta mambo matatu tu: faida imepanda au imeshuka, deni limezidi au limepungua, na gawio ni kiasi gani. Kwa miaka ya hesabu iliyoishia 2023, 2024 na 2025, gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alikuwa na haki ya shilingi 1,200 kwa mwaka, ikakatwa kodi ya asilimia 5, zikabaki 1,140. Na maadamu kwa miaka hiyo gawio lilibaki vile vile wakati bei ilipokuwa ikipanda na kushuka, aliyenunua kwa shilingi 13 alipata malipo mazuri kuliko aliyenunua kwa 40, ingawa siku ya shilingi 40 ndiyo iliyokuwa na kelele za furaha, na siku ya 13 watu walinyamaza.

Sifuri ya tatu haimo sokoni, imo nyumbani: fedha hizi zitahitajiwa lini? Karo ya Januari haina uhusiano na hisa, kwani soko halijui shule zafunguliwa lini.

Na iko hadhari nyingine, isiyohusu bei. Mwaka 2007 kampuni ya udalali ya Francis Thuo & Partners ilianguka, na Machi 2008, mwezi ule ule ambao hisa za Safaricom zilianza kuuzwa, Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi; na mfuko wa fidia ulioko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wakati huo haukumlipa mwekezaji zaidi ya shilingi 50,000. Hisa za mtu huwekwa katika akaunti ya CDS, yaani ya hifadhi kuu ya hisa, kwa jina lake mwenyewe. Basi na aitishe taarifa ya akaunti hiyo mara kwa mara, akahakikishe kwamba dalali wake yumo katika orodha ya wenye leseni, na amtakaye atume fedha kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, ati amnunulie hisa, amhesabu kuwa mwizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Katika nyumba nyingi za huku, karatasi za mwaka 2008 zingali kabatini, kwa jina la bibi ambaye hakuziuza zilipopanda wala zilipoanguka. Mjukuu humwambia, "Kogo, bibi yangu, bei iko juu, tuuze," na baada ya miezi humwambia, "Kogo, imeshuka, tuuze kabla haijaisha." Wengine watasema bibi huyo alikuwa na hekima, na wengine kwamba alizisahau tu. Huenda alizisahau. Lakini jioni, lori lifikapo, yeye ndiye ainamaye kuutazama mshale wa mizani kabla kikapu chake hakijaning'inizwa, naye hamruhusu karani kuandika kilo mpaka aione kwa macho yake. Na mjukuu aliyesimama nyuma yake, simu mkononi, angefanya vyema kumwuliza namna mshale huo unavyosomwa.