Kumtafuta Rebecca

Haya wajukuu zangu, sogeeni karibu, na wewe mwenye kalamu kaa nayo tayari. Leo tunamsaka mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, huko Marekani, na wawindaji wenyewe ni sisi.

Mume wake hana shida kupatikana. Huyo ni Daniel Boone, aliyeongoza wanaume wenye mashoka mwaka 1775 wakafyeka njia kupitia pengo la milima la Cumberland, walowezi wapate kuingia Kentucky, nchi ambayo Washawnee na Wacherokee waliwinda tangu zamani. Boone ameandikiwa vitabu na kuchezewa filamu. Mkewe, Rebecca Bryan, ndiye atakayetutoa jasho.

Lakini hata kwa Daniel pana mtego. Kitabu kimoja kitakwambia alizaliwa Oktoba 22, 1734. Kingine, Novemba 2 mwaka huohuo. Nani kakosea? Hakuna. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake walibadili kalenda wakaruka siku 11. Watu walilala usiku wa Septemba 2, wakaamka asubuhi ya Septemba 14! Kwa hiyo mkichimba ukoo wa enzi zile, msikimbilie kumwita karani mzembe. Ulizeni kwanza alikuwa anatumia kalenda ipi.

Wazazi wa Daniel walikuwa waumini wa dhehebu la Marafiki, lilelile ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Marafiki wa Pennsylvania, walikoishi akina Boone, walikuwa watu wa kuandika, na kila mwezi waliweka kumbukumbu za mkutano wao: nani kaoa, nani kakaripiwa, nani katengwa. Baba yake Daniel, Squire Boone, alitengwa baada ya mwanawe mkubwa kuoa nje ya dhehebu. Familia ikafunga mizigo, ikashuka kusini hadi bonde la mto Yadkin, North Carolina. Ndiko walikokuwa akina Bryan.

Ndoa ilifungwa Agosti 14, 1756. Rebecca alikuwa na miaka 17, na aliyewafungisha ni baba mkwe mwenyewe, kwa kuwa alikuwa hakimu wa eneo lile. Wakajaliwa watoto 10.

Sasa fungueni daftari la sensa. Marekani ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1790, lakini aliyeandikwa jina alikuwa mkuu wa kaya tu. Mke, watoto, bibi aliyekaa jikoni, wote walikuwa tarakimu kwenye safu. Mpaka 1850 ndipo kila mtu huru wa nyumbani akaandikwa jina, na Rebecca alikwisha kufa 1813. Tena madaftari ya Kentucky ya 1790 na 1800 yamepotea, kwa hiyo watafutaji hutumia orodha za kodi. Humo utamkuta Daniel na farasi wake. Utakuta pia idadi ya watumwa, maana mwaka 1787 alimiliki 7, lakini majina yao karani hakujali kuyaandika. Ukiwa mjukuu wa mmoja wao, kazi yako ni ngumu mara kumi kuliko yetu.

Twendeni kwenye hati za ardhi. Hapa ndipo napapenda. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792, na sheria ya Virginia ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe. Basi mume akitaka kuuza, mke naye sharti aridhie, na aliulizwa kando, mume asisikie. Kwa hiyo kwenye hati za mauzo jina la mke huchomoza. Rebecca hakujua kuandika. Pale pa sahihi karani aliandika jina lake, yeye akaweka alama, kama wazee wetu wanavyoweka dole gumba. Mstari mmoja wa wino, wajukuu zangu, lakini ni mkono wake.

Mengine yanatoka vinywani. Mwaka 1851 mkusanyaji wa historia aitwaye Lyman Draper alimfuata Nathan Boone, kitindamimba wa Daniel na Rebecca, hadi kwake Missouri, akaketi naye pamoja na mkewe Olive, akiuliza na kuandika. Karatasi zake zimehifadhiwa Wisconsin. Kumbukumbu za jamaa kama hizo ndizo zinazotuonyesha mambo ya 1778. Washawnee walimkamata Daniel alipokuwa amekwenda na wenzake kuchemsha chumvi. Miezi ikapita, Rebecca akaamini amekuwa mjane, akafungasha watoto akarudi kwao North Carolina. Juni Daniel akatoroka, akakata maili 160 kwa siku 4, akafika kwenye ngome ya Kentucky walimokuwa wakiishi. Nyumba tupu. Aliyemngoja ni Jemima, binti yake aliyekwisha kuolewa, peke yake.

Mwaka 1799 wakahamia Missouri, wazee tayari. Machi 1813 Rebecca alikuwa kwa Jemima wakipika sukari ya mti wa mepo. Miti hukingwa utomvu mwishoni mwa baridi, na maji yale matamu huchemshwa kutwa, kwa kuwa lita 40 hivi hukauka zikabaki lita moja ya asali. Hapo kazini akaugua, na Machi 18 akafa. Wakamzika kilimani. Daniel alimfuata mwaka 1820.

Mwaka 1845 watu wa Kentucky walikuja kuwafukua wakawazike upya kwao, mjini Frankfort. Watu wa Missouri hawakuridhika, na wako wanaosema hadi leo kwamba wachimbaji walikosea kaburi. Kaburi la nani? Si la Rebecca wanalobishania. La Daniel.