Kuandikisha kompyuta za Linux ku serveri moja: usikubali ufunguo usioujua

Tuchukue mufano wa ofisi yenye kompyuta 30 za Linux. Kila moja ikijitafutia marekebisho ya programu ku intaneti, megabaiti zile zile zinalipiwa mara 30. Njo maana watu wa informatiki wanaweka serveri moja ya kuzisimamia zote. Programu moja ya kazi hiyo ni Uyuni, ya bure, iliyotokana na Spacewalk mwaka 2018. Serveri inapakua marekebisho mara moja tu, halafu inayagawa ndani ya rezo ya ofisi.

Lakini kompyuta haipewi kitu mbele ya kuandikishwa. Inafanyika namna gani?

Kwanza, ku serveri unatengeneza kode ya uandikishaji. Inaonyesha kompyuta itaingia kikundi gani na itapata programu fasi gani. Pili, ku kompyuta unatumikisha skripti iliyotoka ku serveri. Inaweka programu ndogo ya Salt, inayojitengenezea funguo mbili: wa siri unabaki pale pale, wa wazi unatumwa ku serveri. Ule wa wazi unangojea mpaka musimamizi aukubali.

Hapa njo penye hatari. Musimamizi mwenye haraka anakubali funguo zote kwa pamoja. Kama kati yao kuna wa mashini ya mugeni, mugeni huyo anaweza kupata mipangilio, hata maneno ya siri ya ofisi. Kwa hiyo, linganisha alama fupi ya ufunguo inayoonekana ku kompyuta na ile inayoonekana ku serveri. Zikipishana hata herufi moja, kataa.

Kompyuta ikikataa kuandikishwa, angalia mambo matatu:

- Milango 4505 na 4506 iwe wazi ku serveri. Ku kompyuta hakuna wa kufungua, juu yeye njo anaita serveri.
- Saa iwe sawa. Batri ndogo ya ndani ikikufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma, na cheti cha serveri kinakataliwa.
- Kompyuta zilizonakiliwa kutoka diski moja zinabeba kitambulisho kimoja, ndani ya /etc/machine-id. Serveri inaziona kama moja. Futa kitambulisho hicho, utengeneze kipya, kisha uandikishe.

Kompyuta mbili za kwanza zikipita vizuri, endelea na zingine.