Pikipiki ya marehemu baba: mirathi, mikanda ya mpira na ridhaa ya mama

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia vitu ambavyo kila mmoja wetu aliijua thamani yake: nyumba ndogo, akiba kidogo na makabati mawili ya vitabu. Alituachia pia kitu kimoja ambacho hakuna aliyejua tukifanye nini. Ilikuwa pikipiki nyekundu ya Kiitaliano, Ducati 900 SS ya mwaka 1992, iliyofunikwa shuka kuukuu ndani ya banda nyuma ya nyumba yetu, mjini Leicester, Uingereza.

Baba alizaliwa Mombasa na ujana wake aliupitisha juu ya Vespa. Alipenda kutuambia kwamba aliyejifunza kuendesha kwa Vespa hudhani amevijua vyombo vya Waitaliano, kumbe amemjua dada mpole tu. Kaka zake wenye hasira bado hajakutana nao. Yeye alikutana na mmoja wao akiwa mtu mzima, akakaa naye miaka mingi, mpaka maradhi ya goti yalipomlazimisha kuiegesha. Aliiarifu serikali kwamba chombo hakitembei tena barabarani, akakifunika shuka, na hatukumsikia tena akikitaja.

Tulibaki warithi wanne: mama, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Tunayaandika haya kwa ridhaa yao wote, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zina kitu cha namna hii kilichofunikwa shuka.

Siku tuliyotaka kuiwasha

Baada ya gharama za mazishi kulipwa na madeni ya marehemu kumalizwa, tulikwenda bandani. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amenunua betri mpya na petroli safi. Alitaka tusikie mlio ule tuliouzoea utotoni. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha starta pale jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa fundi wa pikipiki na rafiki wa baba, aliposimama mlangoni.

"Msibonyeze hapo," alisema. "Mikanda ina umri gani?"

Hatukujua hata ni mikanda gani anayoizungumzia. Mzee aliinama, akafungua sanduku la spana za baba na kutoa daftari lenye jalada la buluu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, kwa mwandiko wa baba. Mstari wa mwisho wenye neno "mikanda" ulikuwa wa Juni 2012. Sisi tulikuwa tumesimama pale mwaka 2023.

Mzee akatueleza kwa utulivu. Injini ile ina silinda mbili, na kila silinda ina mkanda wake wa mpira wenye meno. Mkanda huo ndio unaoziambia vali zifunguke lini na zifungwe lini, zisikutane na pistoni inayopanda na kushuka. Kanuni ya mafundi ni kuibadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea, kwa sababu mpira huzeeka kwa wakati kama unavyozeeka kwa kazi. Mkanda uliokaa miaka 11 ukiwa umejikunja mahali pamoja waweza kukatika au kuruka jino mara tu injini inapozunguka. Hapo pistoni huipiga vali, vali hupinda, na injini nzima huhitaji kufunguliwa.

Tulitazamana. Kama tungebonyeza kitufe kile, tungeweza kuiharibu mali ya watu wanne kwa furaha ya dakika moja. Tena mmoja wa watu hao, mama, alikuwa jikoni na wala hakuwa na habari.

Injini ya Taglioni

Ili msomaji aelewe kwa nini chombo hiki kinataka uangalizi wa namna hii, yafaa tuseme machache kuhusu asili yake. Kampuni ya Ducati ilianzishwa Bologna mwaka 1926, na mwanzoni ilitengeneza vifaa vya redio. Pikipiki zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1954 aliingia mhandisi Fabio Taglioni, na ndiye aliyezipa pikipiki hizo tabia yake.

Katika injini nyingi, vali husukumwa ifunguke kisha springi huirudisha ifunge. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa sana, springi huweza kushindwa kuifuata. Taglioni aliweka mkono wa pili wa chuma unaoivuta vali ifunge, badala ya kuitegemea springi. Mwaka 1956 pikipiki ndogo ya mashindano yenye mfumo huo ilishinda mbio za Sweden. Mwaka 1972, katika mbio za maili 200 za Imola, Ducati zilishika nafasi ya kwanza na ya pili, na tangu hapo dunia ya pikipiki ikaiheshimu injini yake kubwa ya silinda mbili.

Injini kubwa za zamani zilizungusha vali kwa vijiti vya chuma na gia ambazo kuziunganisha kulihitaji mikono hodari na muda mwingi. Mwaka 1979 ilipotoka Pantah, kazi hiyo ilikabidhiwa mikanda ya mpira. Injini ikawa nyepesi kuitengeneza na ikapunguza kelele, lakini mwenyewe akapewa jukumu jipya: kuhesabu miaka. Pikipiki ya baba ni mzao wa Pantah ile.

Hesabu ya mirathi

Mdogo wetu alitaka kuibakisha pikipiki. Dada yetu alitaka iuzwe. Mama alitaka iondoke tu, kwani miaka yote baba alipokuwa akiiendesha hakuwahi kulala kabla ya kusikia lango likifungwa. Tukaenda kwa sheikh wa msikiti wetu.

Alitukumbusha kwamba baada ya mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, kila kilichosalia ni mali ya warithi wote, kuanzia nyumba mpaka spana. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, na fungu la wa kiume ni mara mbili ya fungu la wa kike. Kwa hesabu yetu, mali iligawika sehemu 40: mama 5, kila mtoto wa kiume 14, na binti 7.

Tukawaita watu wawili wanaolijua soko. Wote walisema kwamba ikiwa katika hali nzuri ingefika pauni 4,000, lakini kama ilivyokuwa, imelala na haijulikani ndani ina nini, haizidi pauni 2,400. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Dada yetu aliuliza kwa nini mdogo wetu ainunue kwa 2,400 ilhali kesho akiitengeneza itakuwa na thamani ya 4,000. "Baba aliitunza kwa fedha iliyokuwa yetu sote," alisema. Lilikuwa neno la haki, na hakuna aliyelijibu haraka.

Sheikh alisema: mkubaliane kwa thamani ya leo, kama ilivyo leo, na kila mmoja aridhike bila ya kusukumwa. Anayeinunua anabeba pia hatari. Akiifungua injini akakuta imeharibika, hatarudi kwenu kudai. Dada yetu alifikiri siku mbili, kisha akakubali. Mdogo wetu alimlipa mama pauni 300, kaka yake 840 na dada yake 420, jumla 1,560. Dada yetu alipokea fungu lake na kuweka sharti moja, ambalo sote tuliliafiki: daftari la baba likae kwa mama, na kila kazi itakayofanyika iandikwe humo.

Kazi ya majira ya baridi

Ukarabati ulichukua miezi mitano, jioni baada ya jioni, chini ya macho ya mzee jirani. Mikanda miwili mipya ilikuja mwanzo. Kisha vali zikapimwa. Injini hii ina vali 4, na kila vali ina nafasi mbili za kupima, ya kufungua na ya kufunga, hivyo vipimo ni 8. Isiyo sawa hurekebishwa kwa kubadilisha kipande kidogo cha chuma chenye unene tofauti. Ni kazi ya subira, na mwenye pupa hulazimika kuirudia.

Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ndani ya kabureta, ambazo, kwa mshangao wetu, ni za Mikuni kutoka Japani. Vitundu vyake vidogo vilisafishwa kimoja kimoja. Tangi, kwa kuwa ni la chuma, lilikuwa na kutu ndani. Mafuta ya breki yalimwagwa yote, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na maji hayo yakichemka kwa joto la breki, mkono wa breki huwa laini wakati unapouhitaji zaidi.

Matairi yalionekana mazuri kabisa, nayo ndiyo yaliyotufunza zaidi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya kwetu yalisomeka 2309, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2009. Meno yalikuwa marefu, lakini mpira ulikuwa mgumu kama ubao. Yalitupwa.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, mama alitoka mbio akidhani kuna kitu kimevunjika, maana klachi ya pikipiki hizi ni kavu na hulia kama sahani zinazogongana. Mzee jirani akacheka na kumwambia kuwa ndivyo zilivyo. Mama hakucheka. Alisimama akisikiliza, kisha akasema, "Ndiyo hiyo," akarudi ndani.

Masharti ya mama

Kuimiliki pikipiki ni jambo moja, kuipanda ni jambo jingine. Mdogo wetu, mwenye umri wa miaka 27, alikuwa na leseni kamili ya pikipiki kubwa, lakini hakuitoa barabarani kabla ya mama kuridhia. Mama alitoa masharti yake: kofia ngumu nzuri, koti na glovu hata siku ya joto, kutoendesha usiku, kutoshindana na mtu yeyote, na kutotoka wakati barabara zimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Mzee jirani aliongeza mawili: injini ipate moto kwanza ndipo idaiwe kasi, na nafasi ya mbele iachwe kubwa kuliko kwa chombo kipya, kwa kuwa pikipiki ya mwaka 1992 haina kompyuta ya kulizuia gurudumu lisijifunge. Breki zote ziko katika vidole vya mwendeshaji na akili yake.

Aliongeza pia kwamba isiachwe ikalala tena. Betri hufa, sili hukauka, petroli huoza. Vyombo hivi huharibika kwa kukaa zaidi ya kuharibika kwa kutembea. Ndiyo sababu kila Jumamosi yenye jua mdogo wetu huitoa kwa saa moja, na anaporudi huandika kilomita katika daftari la buluu, chini ya mwandiko wa baba.

Nasaha zetu kwa wasomaji ni chache. Anayemiliki chombo cha namna hii aandike tarehe za kazi zake, kwani hajui ni nani atakayelifungua daftari lake. Warithi wasikiguse kabla hakijathaminiwa na wote kuridhia. Na asiyejua umri wa mikanda asibonyeze starta.

Mwaka huu, asubuhi moja ya mwezi Machi, mdogo wetu alikuja kuchukua ufunguo. Jua lilikuwa zuri na kofia ilikuwa mkononi. Mama alikuwa amelifungua daftari juu ya meza, miwani ikiwa puani.

"Mikanda uliweka lini, mwanangu?"

Alihesabu, akanyamaza. Miaka miwili ilikuwa imepita kwa wiki moja. Alisema wiki moja si kitu, kisha akamtazama mama, akaurudisha ufunguo mahali pake. Pikipiki ilikaa bandani wiki tatu nyingine, mpaka mikanda mipya ilipofika na kuandikwa.