Chupa mbili za maji kwenye mawe ya volkano

KILA mara kwenye ukurasa huu nawahimiza wazazi wawape watoto maji ya kutosha. Leo naungama. Nilipotoka matembezi na dada yangu na mwanawe wa miaka saba, nilibeba chupa mbili za nusu lita kwa watu watatu.

Tulikuwa Hawaii, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya jimbo hilo la Marekani. Dada anaishi Marekani na alitaka mtoto aone kazi ya volkano. Pwani ya magharibi inapita njia ya miguu iitwayo Ala Kahakai, yenye urefu wa kama kilomita 280. Sehemu zake ni mapito ya kale ya wenyeji, na mwaka 2000 ilitangazwa kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Sisi tulitaka kipande kidogo tu, kutoka ufuko wa Anaehoomalu kwenda kusini hadi Keawaiki, kwenye mchanga mweusi, kisha turudi kula mchana.

Mwanzo ni raha. Kuna minazi, mabwawa ambamo zamani samaki walifugwa kwa ajili ya machifu, na kasa wanaoota jua ufukweni. Mtoto alitaka kuwagusa, lakini hairuhusiwi. Unakaa mbali kama mita tatu. Halafu mchanga unaisha, unakanyaga lava.

Wahawaii wana maneno mawili ya lava iliyoganda, na wanasayansi duniani wameyachukua. Pahoehoe ni laini, ina mikunjo kama utando wa uji uliopoa. Aa ni rundo la mawe yenye ncha, yanayocheza chini ya mguu. Kuelekea Keawaiki kuna aa iliyotoka mlima Mauna Loa mwaka 1859 ikateremka mpaka baharini. Mtoto alivaa raba. Mama yake alivaa sandali, na nusu saa haikupita kisigino kikawa kinatoka damu.

Lakini kilichotushinda ni joto. Tulianza saa tatu asubuhi, tumechelewa tayari. Upande ule mvua ni haba, kivuli hakuna, na jiwe jeusi hunyonya jua likakurudishia kutoka chini, ambako mtoto yuko karibu nalo kuliko wewe. Upepo wa bahari nao unadanganya: unakausha jasho upesi, hujui umepoteza maji kiasi gani. Chupa ya kwanza iliisha hata hatujafika nusu ya njia.

Mtoto ambaye hanyamazi akanyamaza. Nikafikiri amechoka. Baadaye akasema, "Mama mdogo, kichwa kinauma." Nikampa biskuti, akaisukuma; anasikia kichefuchefu.

"Mdogo wangu, tumebakiza kidogo tu," dada akasema. "Tumalizie."

Nikamwambia tunarudi. Alinuna, na simlaumu, nauli ya kufika huko si mchezo. Tulipata mti mmoja wa miiba, tukamkalisha chini yake. Nililowesha fulana yangu baharini, nikamfunika kichwa na shingo, tukampa maji yaliyobaki, funda moja moja. Baada ya muda akauliza kama kasa wana meno. Hapo ndipo nilipopumua.

Mzazi, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ukimya usio wa kawaida ni dalili kwamba joto limeanza kumzidi mtoto. Kivuli, kumlowesha na maji kidogo kidogo husaidia. Akianza kuweweseka, akizimia au akipata degedege, hiyo ni dharura: mpoze mwili hapo hapo huku msaada ukiitwa, na usimnyweshe kitu asiyejitambua. Pale tulipokuwa, gari lisingetufikia. Ndiyo maana unageuka mapema, wakati mtoto bado anaweza kutembea.

Siku nyingine ningeanza kunapopambazuka, na lita mbili kwa kila mtu mzima, moja na nusu kwa mtoto, kofia pana, na viatu vya kufunika vidole kwa kila mtu, dada akiwemo.

Tulirudi polepole, tukisimama kila mtoto alipotaka. Kwenye minazi ya Anaehoomalu alikunywa, akalala mapajani mwa mama yake, na jioni akaomba wali. Keawaiki hatukuiona.