Lamu, mji uliopitwa na njia

Nani katika Butembo hajui jina la Mombasa? Pikipiki, mabati, nguo za balo, hata sahani tunazolia, vingi vilishuka bandari ya Kilindini, vikapita Kampala na Mpondwe, vikaingia Kasindi. Lakini Lamu? Sisi wenyewe, bibi na bwana, tulikuwa tunasikia jina tu.

Tulifika kule juu ya kontena. Vitu vyetu vilikuwa vimekwama Mombasa, na mtu anayetutolea mizigo akatuambia: « Mungojee wiki moja. » Wiki moja ya kulala hoteli bila kazi ni makuta ya bure. Mfanyabiashara mwenzetu, mtu wa Beni, akasema: « Mupande basi, muende kuona bandari ya matanga. Mutarudia na kitu kya kuwaza. »

Basi inatoka Mombasa, inapita Malindi, Garsen na Witu, inafika Mokowe. Njiani askari walitushusha na kuangalia vitambulisho. Karibu na barabara ile iko Mpeketoni, ambako mwezi wa sita 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa. Mtu wa Beni hana haja ya kufasiriwa jambo kama hilo. Bibi alinishika mkono, hakusema kitu.

Kule Mokowe barabara inaishia majini. Mashua ikatuvusha, na mji ukatokea: nyumba nyeupe za mawe ya matumbawe, milango ya mbao yenye nakshi, na vyombo vimefungwa ukutani moja kando ya kingine. Vichochoro ni vyembamba. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Bibi akacheka: « Chukudu haiwezi pita huku! » Ngome ya katikati ya mji ilimalizwa karibu na mwaka 1821, na tangu 2001 mji mkongwe umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Siku ya pili mzee mmoja nahodha alitupeleka Matondoni kwa mashua yake. Tulimwamkia: « Jambo papa, sisi tunatokaka Congo, ku Butembo. » Akatuangalia kwa furaha. « Kiswahili chenu kimetembea sana, » akasema. Ni kweli. Lugha yetu iliingia Congo na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani, ikapita Maniema, ndiyo maana wazee waliiita Kingwana, lugha ya waungwana. Kule Lamu, sisi tunaposema njia, wao wanasema ndia. Mzee alirudia neno lile mara nyingi, na kwa siku tatu tulisikia habari ya ndia tu.

Njia ya Lamu ilikuwa upepo. Kaskazi inavuma tangu karibu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, yenye tende, chumvi na mazulia. Kisha inageuka kusi, na majahazi yale yale yanarudi kwao na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Aliyechelewa kupakia aliweza kungojea miezi mingi. Mji ulitajirika hivyo, na tuseme pia ukweli: mashamba yake yalilimwa na watumwa.

Kisha njia ikahama. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na 1901 ikafika ziwa Victoria. Meli za mvuke hazikuhitaji kungojea kaskazi, na Kilindini ina maji marefu. Mizigo ikafuata reli. Lamu haikupigwa vita wala kuchomwa, ilipitwa tu. Hata boriti, biashara iliyobaki, serikali ya Kenya ilikataza kuzipeleka ng'ambo mwaka 1982.

Sasa njia inataka kurudi kwa namna nyingine. Upande wa bara wanajenga bandari mpya ya meli kubwa, na gati ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa tano 2021. Wavuvi walienda kushitaki, juu sehemu zao za kuvua zimeharibiwa. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Malindi iliamua wavuvi karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tulifikiri wavuvi wetu wa Kyavinyonge: nani angehesabu hasara yao?

Kule Matondoni tulikuta mafundi chini ya kivuli wakitengeneza chombo, mbavu za mbao zimesimama, watoto wanaangalia. Tulimuuliza mzee: « Papa, majahazi ya Arabuni hayakuji tena. Munamutengenezea nani? » Akajibu bila haraka: « Wavuvi wako. Wageni wako. Na mashindano ya matanga yako. Ndia imeondoka, mkono haukuondoka. »

Usiku ule hatukulala mapema. Bibi alikuwa anafanya hesabu, sawa vile anafanyaka ku depo. Butembo iko mji wa njia pia. Barabara ya Kasindi ikifungwa siku mbili juu ya vita, bei ya mafuta inapanda sokoni. Tunaleta vitu vya watu wengine, tunaviuza, tunajenga nyumba za ngazi. Njia ikihama siku moja, mkono wetu unajua nini? Kahawa na kakao yetu inatoka ndani ya mifuko, mbichi, wengine wanaikaanga na kuiuzisha bei.

Kontena ilitoka siku ya tisa. Kule Kasindi tulisimama nyuma ya malori yanayongojea kuingia. Upande mwingine, malori ya kutoka yalikuwa yamebeba mifuko ya kakao. Bibi aliyahesabu mpaka saba, kisha akasema: « Makuta ya mizigo hii, nusu tununue mashini ya kukaangia kahawa. » Hatujakubaliana bado juu ya bei. Juu ya kuinunua, tumekubaliana.