Je, Wajua? Unga wa Mangateen Umevuka Nimule

Je, wajua kwamba chakula cha Mangateen kina pasipoti? Katika mtaa huu wa Juba, Sudan Kusini, wenye kambi iliyopokea wakimbizi wa ndani mwaka 2018, sehemu kubwa ya unga wa posho, sukari, mayai na nyanya hutoka Uganda. Malori huvuka mpaka wa Elegu, yanaingia Nimule, kisha yanashika lami ya kilomita 192 hadi Juba. Lami hiyo ilikamilika 2012 kwa fedha za Marekani.

Je, wajua kwamba nchi inaweza kununua hata kitu inachojua kukitengeneza vizuri kuliko muuzaji wake? Mwanauchumi David Ricardo alilieleza jambo hilo mwaka 1817 kwa kuzifananisha Uingereza na Ureno. Katika mfano wake, kazi ya mwaka mzima ya kutengeneza kitambaa ilihitaji watu 100 Uingereza na 90 Ureno. Ya mvinyo ilihitaji 120 Uingereza na 80 Ureno. Ureno iliongoza kwa vyote viwili. Hata hivyo Ricardo alisema Ureno ikae na mvinyo, kitambaa inunue. Wachumi huliita jambo hilo faida linganishi, na wanafunzi wengi huikariri bila kuiamini.

Basi tuihamishie Mangateen. Chukulia Nyakim na Keji ni majirani. Kwa siku moja Nyakim anasuka vichwa vinne, au anakaanga mandazi 200. Keji anasuka kichwa kimoja, au anakaanga mandazi 100. Nyakim ni hodari wa yote. Lakini kila kichwa anachosuka kinamkosesha mandazi 50 tu, ilhali kichwa kimoja kinamkosesha Keji mandazi 100. Wakifanya kazi siku mbili, kila mmoja akigawa muda wake nusu kwa nusu, wanapata jumla ya vichwa vitano na mandazi 300. Keji akikaa kwenye karai siku zote mbili, na Nyakim akasuka siku moja na nusu kisha akakaanga nusu siku iliyobaki, mandazi ni yaleyale 300, vichwa ni sita. Hakuna aliyeongeza bidii wala kujifunza ufundi mpya, na kichwa kimoja kimeongezeka. Nani atakula faida ya kichwa hicho? Hapo hesabu inanyamaza, bei ndiyo inayoamua, na Keji asipojua kupatana ataambulia makombo.

Je, wajua kwamba Sudan Kusini huuza mafuta na hununua mafuta? Ghafi hufuata bomba hadi Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu. Petroli ya bodaboda za Juba kwa kawaida hupakuliwa Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,500.

Je, wajua kwamba bomba hilo limeshaifunga nchi mdomo zaidi ya mara moja? Wakati wa uhuru, Julai 2011, mafuta yalileta takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali. Januari 2012 Juba ikagombana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta, ikafunga visima vyake yenyewe. Uzalishaji ukarudi Aprili 2013. Februari 2024 bomba linaloanzia visima vya Paloch likapasuka ndani ya Sudan, vita vikiwa vimepamba moto, na mauzo yakakwama tena. Mfano wa Ricardo hauna bomba wala jirani aliye vitani.

Je, wajua kwamba dola za mafuta zinaweza kumuua mkulima bila kumgusa? Kwa miaka kadhaa serikali ilishikilia bei rasmi ya dola kwenye pauni 2.96. Aliyepata dola kwa bei hiyo aliagiza unga wa nje kwa mteremko, na mkulima wa ndani alishindana na bei ambayo haikuwa ya kweli. Desemba 2015 pauni iliachwa ielee, na mara moja dola ikapanda hadi zaidi ya pauni 18. Binafsi naona kosa hapa halikuwa biashara na Uganda. Kosa lilikuwa bei ya uongo, na bei ya uongo humfanya kila mtu akosee hesabu yake, hata Nyakim.

Je, wajua kwamba Juba iliwahi kuwa na kiwanda cha bia? Kilifunguliwa 2009, kikauza bia iitwayo White Bull. Kikafungwa 2016 kwa kukosa dola za kuagizia malighafi. Maji ya Nile yalikuwepo tele.

Je, wajua kwamba Sudan Kusini inakadiriwa kuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 11? Kwa nchi ya namna hiyo ungetarajia maziwa na nyama kuvuka mpaka kwenda kusini. Lakini kwa wafugaji wengi ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni akiba. Kumuuza ni kuacha vitu ambavyo mizani ya soko haivipimi.

Je, wajua kwamba ardhi ya Yei na Yambio imo katika Ukanda wa Kijani, wenye mvua za kutosha kulisha miji? Vita vya 2016 vilisukuma wakulima wengi wa Equatoria hadi Uganda, kwenye makazi kama Bidibidi, yaliyofunguliwa Agosti mwaka huo. Udongo ulibaki. Wanaojua kuulima wakawa ng'ambo, kwenye viploti vidogo.

Je, wajua kwamba Sudan Kusini ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, jijini Dar es Salaam? Ushuru wa forodha ndio unaozungumzwa mikutanoni. Dereva wa lori anazungumzia vizuizi: watafiti waliovihesabu nchini humo walipata zaidi ya 300, barabarani na mitoni, na kila kimoja kina mkono ulionyooshwa.

Je, wajua kwa nini matofali ya Juba huchomwa kandokando ya Nile, na maji mengi ya chupa hujazwa mjini humohumo? Ni mazito na ya bei rahisi. Kabla lori la kutoka Uganda halijafika Nimule, nauli ingekuwa imeshazidi bei ya mzigo.